Nyuma ya Hanamu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kituo kipya leo, kwa hiyo naanza daftari jipya. La mwaka jana liliisha nikiwa bado tezi, yaani nyuma ya meli yetu ya kuvusha abiria, nikivuta kamba na kuvuta moshi wa injini kwa pamoja. Sasa nimehamishiwa omo. Mbele kabisa.

Baba mdogo ndiye serahangi, mkuu wetu sisi mabaharia wa sitaha, na ndiye aliyenipendekeza kwa Nahodha. Grisi, fundi wa mitambo, amesema undugu hupandisha cheo upesi kuliko vyeti. Nikamwambia undugu haujawahi kunisaidia kuinua kamba iliyolowa.

Asubuhi Baba mdogo alinitembeza huko mbele kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. "Hiki chuma kilichosimama kinachopasua maji ni hanamu. Huu ndio uso wa meli. Ukiumia uso, kila mtu anajua umepigana." Juu ya sitaha kuna winchi ya nanga. Mnyororo unatoka kwenye winchi, unapita kwenye tundu, na nanga inaning'inia nje, imebanwa ubavuni kama hereni. Chini ya miguu yetu kuna chumba chembamba cha omo, kinachoingiwa kwa kifuniko chenye kufuli. Nyuma ya chumba hicho kuna ukuta wa kwanza, chuma kitupu kutoka ubavu hadi ubavu, bila mlango wala dirisha.

"Meli ikivunjika pua, maji yanaishia hapa," alisema, akiugonga kwa kidole. "Ukuta huu hautobolewi. Hautundikwi hata koti."

Mwisho akanionyesha kulabu. Breki ya winchi huushika mnyororo, lakini breki huchoka. Kulabu ndiyo inayoibana nanga isicheze safarini. Bila kulabu, nanga yenye uzito wa ng'ombe wawili hugeuka nyundo.

Kisha kuna yale maneno. Kabla ya kuondoka gatini Nahodha huuliza kwenye redio, "Tezi?" Nyuma wanajibu, "Tezi tayari." Halafu, "Omo?" Meli haiondoki mpaka omo ijibu, hata Nahodha awe na hasira, hata mwenye meli awe amepanda.

Leo nimejibu kwa mara ya kwanza. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Grisi alicheka redioni, watu wote wakasikia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Koti linavuja begani.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Tuliondoka ng'ambo saa nane mchana, anga likiwa jeusi. Nilifunga kulabu. Nilipachika ncha yake kwenye pete ya mnyororo, nikakaza skrubu, nikaupiga mnyororo teke kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Omo tayari."

Katikati ya safari mawimbi yakaanza kupanda sitahani. Nahodha akatuamuru wote tutoke mbele. Tukajibanza chini ya chumba cha usukani, abiria wakitapika na kusali. Ndipo sauti ilipoanza. Du. Meli inapanda, inashuka. Du. Kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa chuma. Abiria mmoja akauliza, "Jamani, hiyo ndiyo injini?" Nilimtazama Baba mdogo. Yeye alikuwa ameshaanza kunitazama.

Tulipoingia kwenye maji matulivu alitangulia mbele mwenyewe, akanikataza nisimfuate. "Nenda tezi ukanichukulie kamba." Kamba ya nini, na omo ina kamba zake? Niliporudi alikuwa ameinama juu ya kulabu, nayo ilikuwa imefungwa vizuri.

"Leo ulifunga kulabu?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nilifunga, Baba."

"Sawa."

Namfahamu tangu aliponichukua baada ya baba yangu kufariki. Najua sawa zake zote. Hii sijawahi kuisikia.

Jumanne, 11 Machi

Ufunguo wa chumba cha omo haupo kwenye msumari wake. Baba mdogo ameufunga kwenye mkanda wa suruali. Nilipoomba niingie kufagia, alisema, "Kuna panya, nimeweka sumu. Usiingie." Mwaka mzima nilioko kwenye meli hii sijaona panya. Hata angekuwepo, angekaa karibu na jiko, si kwenye pua ya meli.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kimya. Baba mdogo hapigi tena mluzi akifanya kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika kazini mapema kuliko kawaida ili nione. Nikaona. Baba mdogo alikuwa anapanda ngazi ya gati na mfuko begani, umefunikwa kwa turubai. Akafungua kifuniko cha omo, akashuka nao. Alipotoka mikono ilikuwa mitupu. Akafunga kufuli, akalitikisa, akaangalia kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya mapipa, nimechutama kama mwizi wa kuku, ilhali mwizi si mimi.

Kuandika neno hilo kumenikaa vibaya. Lakini sijalifuta.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Nahodha amelalamika kwamba meli ina kichwa kizito. "Inainamisha pua kama mbuzi anayekataa kuvutwa. Sogezeni mizigo nyuma." Baba mdogo akaitikia upesi mno na kuanza kubeba magunia mwenyewe, mtu wa umri wake.

Grisi akanivuta pembeni. "Katibu," ndivyo wanavyoniita kwa sababu ya kuandika andika, "mjomba wako ana nini?"

"Si mjomba, ni baba mdogo."

"Awe shangazi ukipenda. Kila asubuhi nakuta pampu ya mbele ina joto. Mtu anaitumia kabla sijafika. Na mimi sijaambiwa."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Ananiambia anaosha mnyororo." Akatema mate majini. "Mnyororo unaoshwa kila siku, unaolewa lini?"

Nilicheka, kisha nikakosa raha. Mifuko inaingia na haitoki. Meli imekuwa nzito mbele. Anahamisha mizigo ya watu ili uzito wake usionekane. Sina jina jingine la jambo hilo zaidi ya magendo. Ndiyo maana alinipendekeza omo? Mtu wa damu yake, ambaye hata akiona atanyamaza?

Jumapili, 23 Machi

Siku ya mapumziko. Nilikuwa nafua na Mama mdogo uani. Akaichukua suruali ya kazi ya mumewe, akaukung'uta mkunjo wa chini, ukamwaga vumbi la kijivu kiganjani. Akalisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni nini?"

"Saruji," nikasema.

"Saruji." Akakaa kwenye kigoda. "Paa la jikoni linavuja mwaka wa tatu. Choo hakina mlango, tunaimba ili watu wajue tumo ndani. Sasa mwanamume mwenye saruji kwenye suruali na hajengi kwake, anajenga kwa nani?"

"Mama, labda ni ya mizigo tu."

"Na anaamka kabla ya jogoo? Na akirudi hali, analala kama gogo?" Akanikazia macho. "Wewe uko naye kutwa. Huyo mwanamke yuko ng'ambo, au yuko huku?"

Nikasema sijui. Hakuniamini. Sasa ndani ya nyumba hii kila mtu anamchungulia mwenzake juu ya sahani.

Jumatano, 26 Machi

Saruji, basi. Lakini saruji haihitaji kufichwa, inauzwa kila duka. Labda ni kifuniko tu cha kitu kingine.

Jumapili, 30 Machi

Mama mdogo amepekua mifuko ya makoti yote. Amepata pipi mbili na skrubu.

Jumanne, 1 Aprili

Stoo ya kamba imepakana na ukuta wa kwanza. Nilipokuwa peke yangu niliweka sikio kwenye chuma. Upande wa pili ni chumba cha omo, na panapaswa kuwa pakavu. Meli ilikuwa imefungwa gatini, inayumba kidogo tu. Nikasikia maji yakienda ubavu mmoja na kurudi, taratibu, kama mtu anayesuuza mdomo.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimejua.

Abiria walikuwa wameshashuka na mvua imewafukuza makuli gatini. Nilikaa juu ya kifuniko cha omo na kungoja. Akaja na mfuko chini ya turubai, akanikuta.

"Inuka hapo, mwanangu."

"Ni nini hicho, Baba?"

"Unga."

"Wa nani?"

"Wa nyumbani."

"Nyumbani hatujauona. Mama mdogo anasema unajenga kwa mwanamke mwingine. Grisi anasema unaosha mnyororo. Mimi nasema unapitisha magendo. Chagua moja, Baba, tukubaliane."

Alisimama na mfuko wake kwenye mvua. Nilidhani atafoka. Badala yake alitoa ufunguo, akasema, "Shuka."

Ndani kunanuka chuma na maji yaliyolala. Mle omo hukutana mbavu mbili za meli, hata huwezi kunyoosha mikono yote. Aliwasha tochi. Maji yalinifika vifundoni. Upande wa nanga, bamba la chuma limebonyea ndani kama sufuria iliyoangushwa. Juu ya bonyeo amejenga kisanduku cha mbao na kukijaza saruji, tabaka juu ya tabaka. Pembeni mwa kisanduku maji yalikuwa yanalia, tone kwa tone, na chini yake kidogo yanatiririka.

"Nanga ilipiga hapa siku ile ya dhoruba. Ikapasua bamba. Ufa una urefu wa mkono wangu. Natoa maji kila alfajiri, naongeza saruji."

"Ilipigaje, na kulabu ilikuwa imefungwa?"

Akanimulika usoni, kisha akaishusha tochi. "Mwanangu, mimi ndiye niliyefika kwanza pale mbele. Kulabu ilikuwa imelala sitahani."

"Nilifunga."

"Basi ulifunga," alisema, kwa ile sauti anayomjibia Mama mdogo akitaka kulala.

"Nilifunga, Baba! Nilikaza skrubu, nikapiga teke!"

"Punguza sauti. Sikiliza. Wakijua, swali la kwanza ni nani alikuwa omo. Ulikuwa wewe, na ulikuwa hujamaliza hata wiki. Watakufukuza, na hakuna meli nyingine itakayokuchukua. Na hii meli wataisimamisha msimu wote, watu wakae bila kazi. Mwezi wa sita inapandishwa gudi kwa matengenezo yake ya mwaka. Ikishatoka majini, mafundi watalikuta bamba limebonyea, watalikata, waweke jingine. Nani atauliza? Tufike tu huko."

Kwa hiyo mwezi mzima amekuwa akinificha mimi. Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga ngumi. Nikamsaidia kukoroga saruji.

Jumamosi, 5 Aprili

Jana niliandika nikiwa na huruma. Leo nimeamka na wazo jingine. Aliyefika kwanza ni yeye. Aliyeiona kulabu imelala ni yeye peke yake. Aliniondoa pale kwa hila ya kamba. Je, kama ni yeye aliyeilegeza, ili nanga iwe tayari tukiingia bandarini, kisha akasahau? Angesema nini tofauti na alichosema?

Alikunywa chai mbele yangu. Vidole vyake vimechubuliwa na saruji. Nilivitazama na sikujua natazama vidole vya nani.

Jumatatu, 7 Aprili

"Omo tayari." Nimesema kila safari. Kila nikisema, namwona Baba mdogo amegeuza uso.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua bila kupumzika. Omo tayari.

Jumamosi, 12 Aprili

Ukuta wa kwanza unatoa jasho upande wa stoo. Baba mdogo anasema ni baridi tu. Nikamwambia ukuta wenyewe ni ule aliosema hautundikwi koti. Sasa tunautundikia abiria wote.

Grisi amenipita bila utani. Nadhani anaamini nami nimo kwenye magendo.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeshuka naye tena. Kisanduku kimeachana na bamba, unaweza kupitisha ukucha katikati. Chini yake kuna mstari mpya mwembamba, unaelekea kwenye hanamu. Nilimwonyesha. Akaupapasa kwa kidole, muda mrefu, kama anasoma.

"Nitaongeza mfuko."

"Baba, huo mstari haukuwepo siku ile uliyonishusha."

"Nitaongeza mifuko miwili."

"Na wimbi kubwa likija?"

"Saruji haijaniangusha mpaka leo."

"Imeshikwa na mbao, Baba. Si na meli."

Akaketi kwenye ubavu wa chuma, maji yamemfika mashavu ya miguu. Nimemjua kama mtu anayejua kila kitu kilicho mbele ya chumba cha usukani. Leo niliona mtu aliyechoka ambaye amejifungia kwenye uongo na sasa anauchotea maji kila alfajiri. "Wiki chache tu, mwanangu," akasema. "Nakuomba."

Nilikubali. Naandika hapa kwamba nilikubali.

Ijumaa, 18 Aprili

Shule zimefungwa leo. Wanafunzi walijaa gatini na masanduku yao, magodoro, ndoo. Wakapanda wakasimama kila mahali, mpaka karibu na winchi yangu, wakiimba. Anga lilikuwa lile lile la tarehe nane.

Halafu nikamwona Mama mdogo akipanda, amevaa viatu vya kutokea, mwavuli mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ng'ambo. Nakwenda kuitazama hiyo nyumba inayojengwa. Nikiiona nitaijua, itakuwa na paa zuri." Akasimama nami palepale omo, kwa kuwa hakukuwa na nafasi nyingine. "Usimwambie."

Baba mdogo alikuwa anasimamia kuondoa ngazi. Alimwona mkewe. Nikaona uso unamsawijika.

Redio ikakoroma. "Tezi?"

"Tezi tayari."

"Omo?"

Binti mmoja wa shule alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha chumba cha omo, anamenya chungwa. Chini yake, kwa kimo cha mtu, kuna kile kisanduku. Niliishika redio. Nilijua nikisema neno moja nitakuwa nimemmaliza Baba mdogo, na mimi mwenyewe pia. Nikisema lile jingine, hakuna atakayejua lolote mpaka tufike katikati ya maji.

"Omo?" Nahodha akarudia.

"Omo bado."

"Bado nini? Kamba imekwama?"

"Hapana, Nahodha. Omo bado."

Wanafunzi wakaanza kupiga kelele. "Dada, tufungulie twende!" "Huyo kalala na redio!" Mmoja akaigiza sauti yangu, "Omo badooo," wakacheka sitaha nzima. Baba mdogo alikuja akiwapangua kwa mabega. Akasimama mbele yangu, akasema chinichini, "Mwanangu. Sema."

"Siwezi."

"Ni safari moja tu."

"Mama mdogo yumo, Baba. Hawa watoto wamo."

"Sema tayari!"

"Kama ni tayari, sema wewe." Nikamnyooshea redio.

Aliipokea. Aliishika karibu na mdomo. Mama mdogo alikuwa anatutazama, mwavuli umemlegea mkononi, bila kuelewa. Mvua ikaanza kuanguka, matone makubwa. Kisha Baba mdogo akaniwekea redio kiganjani, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoa ufunguo mkandani.

Nahodha alikuwa ameshafika, amefura. "Serahangi, kuna nini hapa?"

"Washushe watu," Baba mdogo akasema. "Halafu shuka nami nikuonyeshe."

Abiria waliposhuka gatini wote, wakitutukana sisi na vizazi vyetu, Nahodha aliingia chini. Alitoka na kipande cha saruji mkononi. Hakufoka. Alikikandamiza kwa dole gumba, kikavunjika kama biskuti iliyolowa.

Mama mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo hakuna nyumba?"

"Hakuna nyumba," Baba mdogo akamjibu.

"Hakuna mwanamke?"

"Hakuna."

Akakitazama kile kifuniko kilichokuwa wazi, akasikia maji. "Bora ungekuwa na mwanamke," akasema, akakaa chini palepale na viatu vyake vya kutokea.

Jumamosi, 19 Aprili

Dhoruba ilipiga usiku kucha. Nimelala nikiisikiliza. Meli imefungwa gatini, tupu.

Jumanne, 22 Aprili

Wakubwa wa kampuni wametuita. Walituhoji kila mtu peke yake, kisha wote pamoja. Nikasema nilichofanya, kwamba nilifunga kulabu, na kwamba nilijua kuhusu ufa tangu tarehe nne na nikanyamaza.

Wakamuuliza Baba mdogo. Akasimama, kofia mkononi. "Binti huyu alifunga. Mimi nililegeza, nikasahau kufunga tena."

Hakulegeza. Nilijua wakati ule ule kwamba hakulegeza, kwa sababu alilisema kwa ile sauti ya "basi ulifunga". Bado anaamini ni mimi. Ananibebea kosa ambalo sikulifanya, na kwa kulibeba amenihukumu. Tuhuma zangu zote za tarehe tano zilikufa pale pale, na sikuona raha hata kidogo.

Wamemvua userahangi. Mimi nimepewa onyo. Tulirudi nyumbani njia moja, pande mbili za barabara.

Jumatano, 30 Aprili

Hatusemezani. Mama mdogo anapitisha ujumbe. "Mwambie mwanao chumvi iko kwake." "Mwambie mumeo nimeiona."

Jumatatu, 12 Mei

Meli imepandishwa gudi mapema. Nilikwenda kuitazama nikiwa chini, ardhini. Omo iko juu ya kichwa changu, hanamu imesimama kama kisu. Mafundi wamekata bamba. Ufa ulikuwa umeshafika kwenye hanamu. Mkuu wa mafundi aliupima kwa macho na kusema neno moja ambalo siliandiki.

Alhamisi, 15 Mei

Grisi alikuwa anasimamia kuondolewa kwa rangi kwenye winchi. Akaniita, "Katibu! Njoo uandike hili."

Alikuwa ameishika kulabu, imesafishwa mpaka chuma cheupe. Ncha yake, ile inayoingia kwenye pete ya mnyororo, imelika. Imebaki ya mviringo, fupi kama kidole kilichokatwa. Kilichoifanya ionekane nzima ni rangi, tabaka la kila mwaka, ngumu na nene, iliyofuata umbo la zamani. Siku ya dhoruba mnyororo ulipotikisika, rangi haikuweza kuushika na ncha ikateleza.

"Hii ungeifunga kwa minyororo saba bado ingetoka," Grisi akasema. Akajikuna. "Nilidhani unapitisha magendo, unajua?"

"Najua. Mimi nilidhani ni Baba mdogo."

"Na mimi nilidhani ni nyote wawili." Akanipa kulabu. "Mpelekee."

Nilimkuta Baba mdogo uani, anapiga msumari kwenye mlango wa choo. Saruji iliyobaki ameitumia jikoni, paa halivuji tena. Nikamwekea kulabu kwenye kigoda. Hakuigusa kwanza. Kisha akaichukua, akapitisha kidole kwenye ncha, akarudia, akarudia.

"Rangi hii niliipaka mimi," akasema. "Kila mwaka. Nilikuwa najivunia inavyong'aa."

Nilingoja aseme jingine. Mama mdogo alisimama mlangoni na mwiko, akisubiri ujumbe wa kupitisha.

"Ulifunga," akasema.

"Nilifunga, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaendelea kupiga msumari, lakini alikuwa anaupiga pembeni.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekwisha. Safari ya kwanza baada ya gudi. Bamba jipya, kulabu mpya, bado haina rangi. Nimeomba ibaki hivyo, ipakwe mafuta tu ili ionekane ilivyo. Nahodha amekubali.

Baba mdogo amerudishwa kazini kama baharia wa kawaida, amepangwa tezi. Kwa hiyo sasa urefu wote wa meli uko katikati yetu. Asubuhi nilimwona kule nyuma, mdogo, ameshika kamba ndani ya moshi wa injini. Nyumbani bado tunaongea ya chumvi na sabuni.

Nikafunga kulabu. Nikapiga teke.

"Tezi?"

"Tezi tayari." Sauti yake. Halafu, jambo ambalo haliruhusiwi, hakuachia kitufe cha redio. Nilimsikia akipumua. "Omo, umeitazama ile ncha?"

Meli nzima ilikuwa inasikiliza. Niliinama nikaitazama tena, kwa kidole, polepole, kwa sababu ameuliza yeye.

"Nimeitazama, Baba."

"Haya."

"Omo?" Nahodha akauliza.

"Omo tayari."